Gundi ya mgunga si badala ya mashine ya figo

Huenda umekula gundi leo bila kujua. Soma maandishi madogo kwenye karatasi ya peremende au chupa ya soda. Ukiona namba E414, basi umekutana na gundi ya mgunga. Kwenye soda huzuia mafuta ya ladha yasitengane na maji. Usitishwe na neno gundi, ingawa kweli ndiyo hiyo hiyo iliyopakwa nyuma ya stempu za zamani.

Mti wenyewe huota nchi kavu, tangu Senegal hadi Sudan, na hapa kwetu Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit, Wajir na Mandera. Waturkana huuita ekunoit, Wasomali adad. Miiba yake imepinda kama kulabu nayo hukaa mitatu mitatu: miwili hutazama juu, mmoja chini. Wakati wa kiangazi, pale gome lilipojeruhiwa na wadudu, mifugo au kisu, hutoka utomvu unaokauka ukawa matone ya manjano. Wachungaji huyabandua na kuyala papo hapo. Sudan ndiyo iliyozoea kuuza nyingi zaidi duniani, ingawa vita vilivyozuka huko Aprili 2023 vimeivuruga biashara hiyo.

Je, ina faida gani mwilini? Gundi hii ni aina ya sukari zilizofungamana kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuzimeng'enya. Hupita hadi kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wema huila. Kwa hiyo ni ufumwele, sawa na ule wa mboga na nafaka zisizokobolewa, nayo husaidia choo kuwa laini. Mwaka 2017 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya waliona kuwa watu wazima waliweza kula hata gramu 30 kwa siku bila madhara, isipokuwa baadhi yao walijaa gesi. Ukianza na kijiko kimoja cha chai, familia yako itakushukuru.

Sasa tufike kwenye jambo linalotutia wasiwasi. Siku hizi unga wa gundi hii huuzwa mijini ukisifiwa kuwa unasafisha figo. Sifa hiyo haikutoka hewani. Bakteria wanapoila gundi huongezeka, nao wakiongezeka huhitaji naitrojeni. Sehemu ya naitrojeni hiyo huipata katika urea, uchafu wa damu unaopenya hadi utumboni, kisha hutoka pamoja na choo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwapa wagonjwa 16 wa figo gramu 50 kila siku, huku wakila protini kidogo, na urea katika damu yao ilipungua.

Lakini urea ni uchafu mmoja tu. Gundi haiponyi figo lililoharibika, haitoi maji yaliyozidi mwilini, wala haiondoi potasiamu, ambayo ikizidi inaweza kuusimamisha moyo ghafla. Tena gundi yenyewe ina potasiamu ndani yake. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, akaacha kwenda hospitali kwa kuwa amepata unga, anaweza kufa katika muda wa siku chache au wiki chache. Najua gharama za mashine huwachosha watu, na ndiyo maana maneno ya muuzaji huingia masikioni upesi. Kama una ugonjwa wa figo na unataka kutumia gundi hii, mwambie daktari wako kwanza, apime potasiamu yako, nawe usiache matibabu.

Kwa wengine, kuna mambo machache ya kuangalia. Wapo wenye mzio nayo. Wafanyakazi wa viwanda vya uchapishaji waliovuta vumbi lake waliwahi kupatwa na pumu. Pia imeonekana kuizuia dawa ya amoksilini isiingie vizuri katika damu vikimezwa pamoja, basi acha saa nne kati yake. Unga ukoroge katika glasi nzima ya maji, usiumeze mkavu. Na ukinunua, chagua matone mazima kuliko unga. Gundi halisi huyeyuka yote majini na haina uchungu. Ikiwa chungu, huenda umeuziwa ya mti mwingine.