Ankara ya Simu na Bima ya Mzigo: Hukumu Zake kwa Mfanyabiashara wa Dodoma

Kwa jina la Allah, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Dodoma ameagiza mzigo kutoka Dar es Salaam. Ankara ya usafiri imemfikia kwa simu, ikiwa na namba ya kumbukumbu ya malipo. Amelipa akiwa amekaa dukani, ujumbe umerudi, lori limeondoka. Baadaye anapigiwa simu kuwa lori limepinduka. Je, ile ankara ya simu ni mkataba mbele ya sheria ya Kiislamu? Nani anadhamini mali yake? Na ikiwa alikata bima, fidia ile ni halali kwake? Haya ni mambo ya riziki, na riziki ni jambo ambalo kila mmoja wetu ataulizwa siku ya Kiyama, ameichuma wapi na ameitumia katika nini. Kwa hiyo tumeona tuyaeleze moja baada ya jingine.

Njia ya Ugogo na hatari zake

Nyanda za kati hazikuanza jana kupitisha mizigo ya watu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipanda hadi Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, kisha ikaelekea Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na Ujiji. Vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba vilikwenda bara, na pembe za ndovu zikarudi pwani. Hatufichi kuwa biashara ile ilichanganyika pia na utumwa, na dhulma ya watu wake ni juu yao.

Wafanyabiashara wengi waliokaa Tabora walichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja. Mashuhuri miongoni mwa matajiri hao alikuwa Taria Topan, aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mkopo wa namna hiyo uliandikwa. Mali ilipopotea njiani, deni halikupotea pamoja nayo.

Ndani ya Ugogo watemi walitoza hongo. Maji na chakula vilikuwa mikononi mwao, na msafara haukuweza kupita bila ya mashauriano ambayo mara nyingine yalichukua siku kadhaa. Zingatia neno hilo. Hongo ya wakati ule ilikuwa ushuru wa njia, ulioombwa hadharani na kulipwa hadharani. Leo neno hilo hilo maana yake ni rushwa. Malipo yakitoka hadharani yakaingia mafichoni, hukumu yake hubadilika.

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi akapumzika, lakini hatari haikuondoka. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliibomoa reli baina ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama. Barabara nazo zina ajali zake na wezi wake. Basi suala la nani abebe hasara ni la zamani, na mafakihi walilijibu kabla ya lori na simu.

Kuandika ni amri ya Qur'ani

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni. Mwenyezi Mungu (s.w.) anawaamrisha waumini waandikiane deni la muda maalumu, mwandishi aandike kwa uadilifu, mdaiwa ndiye atamkishe, na wala wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Aya inayofuata inamzungumzia aliye safarini asiyepata mwandishi, kuwa anaweza kuchukua rahani. Makusudio yako wazi: haki ya mtu isipotee kwa kusahau wala kwa kukana.

Ankara ya elektroniki inatimiza makusudio hayo ikiwa ni ya kweli. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha sita cha mwaka 1990, liliamua kuwa mikataba inayofungwa kwa maandishi au kwa vyombo vya mawasiliano baina ya watu wasiokaa pamoja ni sahihi. Likatoa katika hukumu hiyo ndoa kwa sababu ya mashahidi, kubadilishana fedha kwa sababu ya kukabidhiana papo hapo, na biashara ya salam kwa sababu thamani yake hutangulizwa. Kukodi usafiri hakumo katika hayo yaliyotolewa. Kikao hicho hicho kilikubali kuwa fedha iliyoingizwa katika akaunti ya mtu ni kama aliyoipokea mkononi.

Hata hivyo yapo mambo matatu ya kuangaliwa.

Kwanza, usafirishaji ni ijara, na sharti la ijara ni ujira kujulikana. Bei, uzito, mahali pa kupakia na mahali pa kushusha vijulikane kabla ya mzigo kupanda. Ankara inayokuja baada ya lori kuondoka, ikiwa na nyongeza ambazo mteja hakuzikubali, haimlazimu. Na mteja aliyetaja tani 10 akapakia 13 amekula haki ya mwenzake. Suratul Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa watu wa aina hiyo.

Pili, ujumbe wa simu si fedha. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana na wa kweli. Anayepokea malipo atazame salio lake kabla ya kuachia mzigo, na anayelipa ahakikishe jina linalotokea ni la yule anayemdai. Tangu mwaka 2010 Tanzania imetumia mashine za stakabadhi za kielektroniki za kodi, na tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakipita katika mfumo wa namba ya kumbukumbu. Faida ya mifumo hii kisheria ni kuwa inaacha ushahidi. Anayekuambia ulipe mkononi bila ya ankara ili akupunguzie anakuita kwenye ile hongo ya pili.

Tatu, nyongeza ya kuchelewa kulipa. Ujira usiolipwa ni deni, na kuongeza deni kwa sababu ya muda ni riba. Baraza la Jeddah lilibainisha mwaka 1990 kuwa hata sharti la nyongeza hiyo ni haramu. Lakini gharama ya ghala kwa mzigo uliokaa bila ya kuchukuliwa ni jambo jingine. Huo ni ujira wa kuhifadhi, na unafaa ukijulikana mapema. Vilevile mwaka 2000 Baraza liliruhusu sharti la fidia katika mikataba isiyokuwa ya deni. Kwa hiyo mteja anaweza kumshurutisha msafirishaji alipe fidia ya hasara halisi akichelewesha mzigo pasi na udhuru, lakini msafirishaji hawezi kumtoza mteja nyongeza kwa kuchelewesha fedha.

Mkono wa msafirishaji

Msafirishaji anayebeba mizigo ya watu wengi huitwa na mafakihi ajiri mushtaraki. Wote wamekubaliana kuwa akizembea au akivuka mipaka anadhamini. Dereva akiendesha amelewa, akipakia kupita uwezo, au akiacha lori peke yake usiku, hasara ni juu yao. Hitilafu ipo pale mali inapoharibika bila ya uzembe.

Imamu Abu Hanifa ameona mkono wake ni mkono wa amana, hadhamini. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakasema anadhamini isipokuwa kwa jambo lisiloweza kuepukwa, kama moto mkubwa au majambazi wenye nguvu. Kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunaifuata, ni kuwa hadhamini bila ya kosa. Imamu Malik akamtoa mbebaji wa chakula: yeye anadhamini, kwa sababu mikono ya watu ni myepesi kwenye chakula, mpaka alete ushahidi. Wafanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa na wa alizeti wa Singida wanaijua hekima ya kauli hiyo wanapohesabu magunia. Na imepokewa kutoka kwa Ali bin Abi Talib (r.a.) kuwa aliwadhaminisha mafundi kwa kuwa mambo ya watu hayatengemai bila ya hivyo.

Matokeo yake ni kuwa lori likisombwa na mafuriko bila ya kosa la dereva, mwenye mzigo kwa kauli nyingi hana wa kumdai. Hapa ndipo bima inapoingia.

Suala la bima

Fakihi mashuhuri aliyeandika mapema kuhusu bima ya mizigo ni Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 Hijria, sawa na 1836. Aliwaona wafanyabiashara wakikodi merikebu za wageni na kulipa juu ya nauli kiasi maalumu kiitwacho sukra, ili mali ikiungua, ikizama au ikiporwa walipwe. Akahukumu kuwa si halali kuchukua badala ya mali iliyoangamia, kwa sababu ni kujilazimisha jambo lisilolazimu.

Alijibu pia hoja ya udhamini wa hatari ya njia. Mafakihi wa Kihanafi wamesema mtu akikuambia pita njia hii, ni ya amani, na mali yako ikichukuliwa mimi ni mdhamini, basi atadhamini. Ibn Abidin akasema huyo amelazimika kwa sababu amemhadaa mwenzake, ilhali mwenye sukra hamhadai mtu. Katika karne ya 20 Sheikh Mustafa az-Zarqa aliichukua hoja hiyo hiyo, pamoja na mfumo wa akila, kuwa dalili ya kufaa kwa bima. Akapingwa na wengi, miongoni mwao Sheikh Muhammad Abu Zahra. Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1978 na lile la Jeddah mwaka 1985 yaliamua kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu ni haramu kwa sababu ya gharar kubwa, na kuwa badala yake ni bima ya ushirikiano. Az-Zarqa aliandika kutokubaliana kwake na uamuzi wa Makka.

Bima ya ushirikiano ndiyo takaful. Washiriki hutoa michango kwa nia ya kusaidiana, mfuko ni wao, kampuni huuendesha kwa ujira, na fedha haziwekezwi katika riba. Sudan ilianza mwaka 1979, Kenya ikapata kampuni yake mwaka 2011. Kwetu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imetoa mwongozo wa takaful, na Shirika la Bima la Zanzibar limeingia katika huduma hiyo.

Tunalolishauri ni hili. Mwenye mzigo aanze kuulizia takaful. Sheria ya Tanzania inataka mizigo inayoingizwa nchini ikatiwe bima kwa makampuni yaliyosajiliwa nchini, na aliyelazimishwa na sheria bila ya kupata takaful hana dhambi ya alicholazimishwa. Anaposhukiwa na fidia ya bima ya kibiashara, wapo wanavyuoni wanaomruhusu achukue kiasi cha ada alizolipa na kilichozidi akitoe kwa masikini. Sisi tunaiona njia hiyo ndiyo salama zaidi kwa dini yake. Na kwa hasara iliyosababishwa na kosa la msafirishaji, haki ya kumdai msafirishaji haiondoki.

Soma hati kabla ya safari

Iwe takaful au nyingineyo, wengi hawasomi hati. Bima ya lazima ya lori inawafidia watu wengine barabarani, haifidii mzigo uliomo ndani. Katika masharti ya kimataifa ya mizigo kuna madaraja matatu. Daraja C linafidia mambo yaliyotajwa, kama moto, kugongana na kupinduka kwa gari. B linaongeza mengine, kama tetemeko na radi. A ni pana zaidi, na ndilo linaloingiza wizi wa kawaida. Na hata A haifidii ufungaji mbovu, uharibifu wa asili wa bidhaa, wala hasara ya kuchelewa. Mkulima wa zabibu wa Dodoma ambaye zabibu zake zimeoza kwa sababu lori limechelewa hatapata kitu.

Tena kuna uongo wa thamani. Tuseme mzigo una thamani ya shilingi 20,000,000, mwenyewe akaandika 8,000,000 ili ada ipungue. Ikiharibika sehemu yenye thamani ya 5,000,000, kwa kanuni ya uwiano atalipwa asilimia 40 tu, yaani 2,000,000. Amepata hasara ya dunia, na amebeba dhambi ya kusema uongo katika hati. Na anayepandisha thamani baada ya ajali anakula mali ya wenzake katika mfuko, jambo ambalo katika takaful ni wizi wa wazi.

Ndugu zetu, andikeni, someni, na muogopeni Mwenyezi Mungu katika mizani na katika maandishi. Mtume (s.a.w.) amepokewa akimwelekeza mwenye ngamia kumfunga kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Kumfunga ngamia wa leo ni ankara ya kweli, msafirishaji mwaminifu na hati iliyosomwa. Yaliyobaki ni ya Allah, na yeye ndiye Ajuaye zaidi.

Wabillahi taufiki.