Melimeli: Gauni jepesi lililobeba gharama nzito

MTU anapotazama picha za wanawake wa tabaka la juu nchini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, jambo la kwanza analoliona ni usahili wa mavazi yao. Gauni aghalabu ni jeupe, limefungwa utepe chini ya matiti na kuteremka moja kwa moja hadi miguuni. Hata hivyo, usahili huo ulikuwa wa macho tu.

Awali mambo yalikuwa tofauti. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18, mwanamke mwenye uwezo alivaa hariri nzito, akabanwa kiuno kwa vazi la ndani lenye vijiti vigumu, na sketi yake ikatanuliwa kwa vitanzi.

Mnamo 1783, mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha jijini Paris picha ya Malkia Marie Antoinette akiwa amevalia gauni jepesi jeupe. Watazamaji walighadhibika wakidai kuwa malkia amechorwa akiwa na nguo za ndani, na picha hiyo ikaondolewa. Miaka sita baadaye Mapinduzi ya Ufaransa yalizuka, na fahari ya hariri ikahusishwa na utawala uliochukiwa. Aidha, kufukuliwa kwa miji ya kale ya Pompeii na Herculaneum kulikuwa kumewafanya watu wa Ulaya kuyahusudu mavazi ya sanamu za Wagiriki na Warumi. Wanawake wa London nao wakaufuata mtindo huo.

Kitambaa kilichofaa zaidi kwa mtindo huo kilikuwa pamba nyembamba ambayo watu wa Pwani ya Afrika Mashariki huiita melimeli, jina lenye asili ya Kihindi. Iliyosifika kuliko zote ilifumwa kwa mkono Dhaka, katika eneo la Bengal. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotolewa mwishoni mwa 1817 baada ya kifo chake, kijana mmoja anajigamba kwamba alimnunulia dadake melimeli halisi ya India kwa bei nafuu. Wasomaji wa wakati huo hawakuhitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo lilikuwa la kujivunia.

Lakini viwanda vya Uingereza havikukubali kuachwa nyuma. Mashine iliyobuniwa na Samuel Crompton mnamo 1779 iliwezesha kusokotwa kwa nyuzi nyembamba mno, huku ushuru mkubwa ukitozwa vitambaa vilivyotoka India. Katika karne hiyo ya 19, ufumaji maarufu wa Dhaka uliporomoka na mafundi wengi wakapoteza riziki.

Pamba ya kulisha viwanda hivyo nayo ilizidi kutoka kusini mwa Marekani, ambako ilipandwa na kuchumwa na watumwa wenye asili ya Kiafrika. Ajabu ni kwamba familia nyingi za Uingereza zilikuwa zimesusia sukari ya visiwa vya Karibi kuanzia 1791 kwa sababu ilizalishwa na watumwa, na Bunge likaharamisha biashara ya watumwa mnamo 1807. Pamba haikukumbwa na ususiaji wa kiasi hicho.

Mvaaji mwenyewe pia hakukosa adha. Gauni la melimeli halikumkinga dhidi ya baridi, hivyo alihitaji koti au shali, na shali iliyotamaniwa zaidi ilitoka Kashmir. Kwa kuwa nyumba zilipashwa joto kwa moto wa wazi na kumulikwa kwa mishumaa, pindo la pamba nyepesi lingeweza kushika moto ghafla. Mifuko iliyozoeleka kufungwa kiunoni chini ya sketi sasa ilitokeza nje, na badala yake wanawake wakabeba kipochi mkononi.

Rangi nyeupe ilikuwa na ujumbe wake. Kufua kulifanywa kwa mikono, maji yakichemshwa kwa kuni au makaa, na sabuni ilitozwa kodi. Aliyetembea akiwa mweupe pepepe alitangaza kwamba yuko mtu mwingine wa kumfulia.

Hata katika kilele cha mtindo huo, Malkia Charlotte aliwataka wanawake waliofika mbele yake kwenye hafla za kifalme kuvaa vitanzi. Kwa kuwa kiuno cha gauni kilikuwa kimepanda hadi kifuani, sketi ilitanuka kuanzia karibu na kwapa. Sharti hilo liliondolewa na Mfalme George wa Nne mnamo 1820.

Katika mwongo huo kiuno kiliteremka tena mahali pake, mikono ya gauni ikafutuka, na vazi la kubana likakazwa upya. Mtindo wa gauni jeupe ulikuwa umedumu takriban miaka 30. Watumwa waliochuma pamba yake Marekani hawakuwa huru hadi 1865.