Shaka Baina ya Msemaji na Wasikilizaji (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi wataalamu wawili wa Marekani, Charles Berger na Richard Calabrese, walivyobainisha mwaka 1975 kwamba wageni wakutanapo hutafuta kwanza kuondoa shaka waliyo nayo baina yao. Leo tuitazame hali iliyo ngumu zaidi, nayo ni ya msemaji asiyeziona nyuso za wasikilizaji wake. Na mfano ulio bora, kwa maoni yangu, ni kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania kwa redio mwaka 1973.

Mtangazaji aliyeketi studioni Dar es Salaam, akieleza habari za kichocho, hakuwa na njia ya kujua kama mama aliyemsikiliza kijijini amefahamu kwamba vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, au amedhani hatari ni kuyanywa tu, na kesho atarudi bwawani kufua nguo, maji yakimfika magotini. Wala mama yule hakuweza kumkatiza amwulize. Hata mtangazaji angalirudia maneno yale yale mara kumi, yasingalimfaa mama yule, maadamu hakujua ni lipi lililomtatiza.

Waandalizi walilitambua hilo, na kwa hiyo redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Viliundwa vikundi vya kusikiliza, kila kimoja na kiongozi aliyefunzwa kazi yake, na vitabu vidogo vikachapishwa; kipindi kikiisha, kitabu kilisomwa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha watu wakahojiana juu ya mambo ya kwao wenyewe: maji yetu twachota wapi, vyoo tunavyo, mazalio ya mbu yako upande gani? Walioshiriki walifikia watu milioni 2. Nami nashikilia kwamba faida kubwa ilipatikana baada ya redio kuzimwa, kwani hapo ndipo msikilizaji alipotamka kwa kinywa chake alichokifahamu, jirani akamsahihisha papo hapo. Na aliyeondoka akashika jembe kuchimba choo alitoa ushahidi ulio bayana kupita jibu lolote.

Walakini mtangazaji hakuwapo barazani. Maswali yale hakuyasikia, na shaka ya upande wake ilibakia. Namna ya kumrudishia msemaji habari za wasikilizaji wake tutaieleza juma lijalo, inshallah.