Ruzuku ya Mtungi na Mafiga ya Ndanda

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa upande wa Bara. Visiwani nako ZURA hutangaza zake kila mwezi. Wenye magari husikiliza matangazo hayo kama wavuvi wasikilizavyo habari za upepo. Bei ya gesi ya kupikia haimo katika tangazo hilo la Jumatano. Mwenye mtungi huijua bei mpya siku anapofika dukani na mtungi mtupu begani.

Makala hii inahusu mtungi huo, na inauangalia kutoka Ndanda, mji mdogo ulio chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, katika barabara ya kutoka Mingoyo kwenda Masasi. Wengi huujua kwa abasia ya Wabenediktini iliyoanza kama misheni mwaka 1906, kwa hospitali yake, na kwa maji yatokayo mlimani. Ndanda imo katika mkoa wa Mtwara, na Mtwara, kama kila mtu ajuavyo, ndiko inakotoka gesi. Hapo ndipo swali la kwanza linapozuka, na huulizwa na wazee kwa vijana: iweje watu walalao juu ya gesi wainunue kwa bei ya kupanda?

Yafaa swali hili lijibiwe kwa heshima, maana mara nyingi limejibiwa kwa kejeli. Gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982 si ile iliyomo katika mtungi wa jikoni. Ya Mnazi Bay ni gesi asilia, husafiri kwa bomba, na kazi yake kubwa imekuwa kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Ya mtungini hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, na huletwa nchini kwa meli kutoka ng'ambo. Kwa hiyo bei ya dunia ikipanda, au nauli ya meli ikipanda, au shilingi ikishuka, mpishi wa Ndanda huumia kama mpishi wa Mwanza. Bomba la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015, miaka miwili baada ya ghasia za Mei 2013 mjini Mtwara. Lilifuata njia ya pwani, Ndanda halikupita. Nyumba chache za Mtwara mjini zimeunganishwa na gesi hiyo jikoni. Masasi na Newala bado.

Msomaji wa Unguja asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa mbali. Waya wa umeme uliolazwa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba mwaka 1980, na ule wa pili wa mwaka 2013, ulipeleka Visiwani umeme wa Gridi ya Taifa, ambao kwa miaka mingi, kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024, sehemu yake kubwa ilitokana na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kisha, Unguja ilipokaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kila nyumba ilijifunza yale ayajuayo mtu wa Ndanda: nishati moja ikikatika au ikipanda bei, watu hawaachi kula. Hurudi nyuma hatua moja, kwenye mkaa. Na mkaa ukipanda, hurudi kwenye kuni, makumbi na vifuu.

Serikali nayo haikukaa kimya bei zilipopanda. Mwezi Mei 2022, petroli ilipofika shilingi 3,148 kwa lita jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kushusha bei za mwezi Juni, na ruzuku ikaendelea kwa miezi kadhaa. Ilikuwa hatua ya busara, kwa sababu lori linalopandisha unga na sabuni Newala hutumia dizeli, na maji yenyewe ya uwanda wa Makonde hayana budi kusukumwa kwa mitambo kutoka bondeni. Lakini tukizigawa shilingi bilioni 100 kwa watu 61,741,120 waliohesabiwa katika Sensa ya mwaka huohuo, kila mmoja angepata kama shilingi 1,620, yaani nusu lita ya petroli. Na haikugawanywa hivyo. Ruzuku iliyowekwa kwenye pampu humfuata anayesimama kwenye pampu: mwenye gari kubwa huipata kwa lita sitini, na mwenye mafiga huisubiri ipite kwanza kwa mwenye lori, kisha kwa mwenye duka.

Upande wa pili, ushuru hauna uvivu wa namna hiyo. Hufika mara moja. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Wachakachuaji walibanwa kweli. Pamoja nao walibanwa waliokuwa wakipika kwa jiko la utambi, ambao hawakuwa na dizeli ya kuchakachua, na mafuta ya taa yakaanza kutoweka jikoni.

Sasa tuje kwenye mtungi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Katika kuutekeleza, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipanga kusambaza mitungi 452,445 ya kilo 6, pamoja na vichomeo vyake, kwa nusu bei, kila wilaya ikipata 3,255. Mkoa wa Mtwara una wilaya tano, hivyo fungu lake ni mitungi 16,275. Watu wake katika Sensa ya 2022 walikuwa 1,634,947. Ni mtungi mmoja kwa kila watu mia moja. Hatusemi hivyo kwa kubeza. Safari ndefu huanzia mlangoni. Tunalosema ni kwamba nusu bei hiyo ililipiwa mara moja tu, siku ya kwanza. Gesi ikiisha, ruzuku nayo imeisha, na anayekwenda kuujaza mtungi hulipa bei kamili ya soko.

Wanafanyaje basi watu wa nyumbani? Wanafanya hesabu, tena hesabu ambayo maofisa wa mipango wangenufaika nayo. Gesi huwekwa kwa chai ya alfajiri, uji wa mtoto, kupasha kiporo, na mgeni wa ghafla. Mbaazi kavu, ambazo ndizo kitoweo cha nyumba nyingi za Masasi, hazikaribii mtungi: zitaumaliza kabla hazijaiva. Hulowekwa usiku, asubuhi zikainjikwa kwenye mafiga. Kisamvu vivyo hivyo. Wakati wa mvua, kuni zikilowa, gesi hupandishwa cheo. Kiangazi ikirudi, hushushwa. Na kuni zenyewe si zote za kukata msituni, kwa maana mikorosho hupogolewa baada ya mavuno, na matawi yake huipa nyumba kuni ambazo haikuzitolea senti. Kushindana na kitu cha bure ni kazi ngumu kwa bidhaa yoyote, hata ikipunguzwa bei nusu. (Bure hiyo, bila shaka, ni ya yule asiyeibeba kichwani wala kuupuliza moto kwa macho yanayotoka machozi.)

Kuna jambo jingine ambalo ofisini halionekani kwa urahisi. Mshahara huja kila mwezi, na mtungi mdogo huisha takriban kila mwezi. Vitu hivyo viwili vinaelewana. Mkulima wa korosho hana mwezi, ana msimu. Minada huanza Oktoba, fedha hupitia vyama vya ushirika, na ikifika Machi nyumba imekwisha kulipa ada, madeni na bati. Mchumaji karafuu wa Wete anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Mtungi ukiisha Aprili hukaa mtupu pembeni mwa jiko hadi msimu mwingine, si kwa sababu mwenyewe amekataa nishati safi, bali kwa sababu shilingi elfu ishirini na kitu kwa mkupuo hazipo. Za kununua mkaa wa shilingi elfu moja zipo.

India ilipita njia hii kabla yetu. Mpango wao wa Ujjwala, ulioanza Mei 2016, uliwapa wanawake maskini kwa mamilioni vifaa vya gesi. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba wengi hawarudi kujaza, au hujaza mara chache mno. Mwezi Mei 2022, bei zilipokuwa juu duniani kote, serikali yao iliongeza ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi uliojazwa, hadi mitungi 12 kwa mwaka, fedha ikiingizwa katika akaunti ya mwanamke mwenyewe. Na Oktoba 2023 ikapandishwa hadi rupia 300. Walihamisha msaada kutoka kwenye chuma kwenda kwenye kile kilichomo ndani ya chuma.

Hilo ndilo tunaloliomba lifikiriwe Dodoma, na Unguja vilevile. Sehemu ya fedha inayonunua mitungi mipya ingeweza kupunguza bei ya kujaza ile iliyokwisha gawiwa, na simu za mkononi zenye pochi ya fedha zimekwisha fika mpaka vijiji vya Newala. Kwa asiye na fedha ya mkupuo, mita za kulipia gesi kadiri inavyotumika zilikwisha tumika Dar es Salaam. Hazina sababu ya kuishia huko. Na kwa mkulima wa korosho, chama chake cha msingi kingeweza kumwekea, kwa hiari yake, mitungi minne au mitano ya mwaka mzima kutokana na malipo ya mnada wa kwanza. Tunajua neno makato halipendwi Masasi, na lina historia yake. Ndiyo maana hiari hiyo iandikwe katika stakabadhi, na bei ya kila mtungi iandikwe mbele yake kabla mkulima hajatia saini.