Malenga wa Mombasa: Nani Alitia Fora?

Miji ya pwani haichoki kugombania sifa ya ushairi. Lamu na Pate wanajivunia tenzi kongwe, na Unguja nao hawakubali kuachwa nyuma. Mombasa ina hoja yake: malenga wake hawakufanana hata kidogo. Mmoja alikuwa mfanyabiashara, mwingine mfungwa. Wengine walikuwa waimbaji, watafiti na wahariri. Wako pia kina mama waliotunga kwa ajili ya ngoma usiku, wala hakuna aliyeshika kalamu kuandika majina yao.

Orodha hii haipimi nani fundi zaidi wa vina na mizani. Hilo tuwaachie wazee wa baraza. Hapa tunapima maisha. Ukiisoma mpaka chini utaona jambo moja linajirudia: nyuma ya kila bingwa yupo mtu wa pili, aliyenakili, aliyehariri, aliyeimba au aliyekariri.

Aliyesubiri kitabu kwa muda mrefu zaidi

Sifa hii ni ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, wala hana mpinzani. Alizaliwa karibu mwaka 1776 na kufariki 1840, na diwani yake ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Miaka 100 kamili tangu aingie kaburini!

Muyaka aliishi Mombasa ya Wamazrui, wakati mji ulipokuwa ukivutana na Seyyid Said wa Omani. Alikuwa upande wa Wamazrui na hakuficha. Aliwasifu, aliwatia moyo, na pale walipostahili aliwakemea. Lakini siasa ilikuwa nusu tu ya kazi yake. Alitunga juu ya mapenzi, ufukara, safari za baharini na maneno ya mitaani. Enzi hiyo ushairi ulioheshimiwa na kuhifadhiwa ulikuwa zaidi tenzi za dini. Muyaka akalichukua shairi la mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, akalifanya chombo cha kuzungumzia chochote kilichompitia mtu siku hiyo. Wamazrui walishindwa mwaka 1837, naye akafa miaka mitatu baadaye. Utawala aliousifu ulikwisha, ila beti zake zilibaki vinywani mwa watu.

Vita vikali zaidi vya mashairi

Karibu mwaka 1812, Mombasa na Pate walipigana na Lamu katika vita vya Shela, viitwavyo pia vya Kuduhu, na Lamu wakashinda. Ila kabla ya panga kuchomolewa, na hata baada ya kurudishwa alani, miji hiyo ilipigana kwa beti. Bwana Zahidi Mngumi alizungumza kwa niaba ya Lamu, na Muyaka kwa niaba ya Mombasa. Mmoja akirusha fumbo, mwenzake analifumbua na kurudisha la kwake lenye makali zaidi.

Jambo la kushangaza ni kwamba majibizano hayo yalihifadhiwa na pande zote mbili. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya katika kitabu cha Mashairi ya Vita vya Kuduhu. Ni nadra kukuta vita ambavyo matusi ya mshindi na ya mshindwa yamekaa pamoja katika jalada moja, yote kwa vina.

Nyumba iliyotoa vipaji vingi zaidi

Hapa taji linakwenda kwa ukoo wa Juma Bhalo. Sheikh Abdilahi Nassir, aliyezaliwa 1932, alikuwa mwanasiasa wa vuguvugu la Mwambao, lililotaka pwani ijitawale, kisha mchapishaji na mwanachuoni wa dini. Ndugu yake Ahmad Nassir ndiye Malenga wa Mvita, na ndugu yao mdogo ni Abdilatif Abdalla. Binamu yao Mohamed Khamis Juma Bhalo akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa taarabu katika pwani ya Kenya.

Ahmad Nassir ana rekodi ya peke yake pia: alizunguka dunia kabla ya kufika dukani kwao. Mashairi yake yalitoka kwanza Marekani mwaka 1966, katika kitabu cha Poems from Kenya kilichotafsiriwa na Lyndon Harries na kuchapishwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin. Malenga wa Mvita, diwani iliyompa jina, ilitoka 1971 kwa uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtafiti wa Mombasa. Utenzi wake wa Mtu ni Utu ulisafiri zaidi. Katika kitabu chake cha 2007 kuhusu falsafa mjini Mombasa, Kai Kresse aliuchambua kama kazi kamili ya falsafa ya maadili, akauweka pamoja na fikra za kaka mtu, Sheikh Abdilahi.

Aliyelipa bei ghali zaidi

Abdilatif Abdalla alizaliwa 1946. Mwaka 1968, akiwa kijana tu, aliandika kikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi?, akiikosoa serikali ya Jomo Kenyatta kwa jinsi ilivyokibana chama cha upinzani cha KPU. Mwaka 1969 alihukumiwa kwa uchochezi, na kifungo kikawa cha miaka 3. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Sehemu kubwa ya kifungo hicho alikaa peke yake, bila ruhusa ya kuandika. Akatumia karatasi za chooni. Hebu fikiria kazi yenyewe: karatasi isiyokusudiwa kuandikiwa, inayotakiwa ifichwe kila mlango unapogongwa. Juu ya karatasi hiyo mtu anahesabu mizani, anapanga vina vya kati na vya mwisho, anajaza ubeti baada ya ubeti. Ndipo likapatikana shairi kama Mnazi: Vuta N'kuvute, ambamo ndugu wawili wanagombania mnazi mmoja, kila mmoja na hoja zake, na msomaji anaachiwa aamue mnazi huo ni nini hasa.

Akiwa bado ndani, mwaka 1971, ulichapishwa Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa. Alitoka 1972, na mashairi ya gerezani yakawa kitabu cha Sauti ya Dhiki mwaka 1973.

Tuzo yenye kinaya zaidi

Sauti ya Dhiki ilishinda tuzo ya fasihi mwaka 1974. Tuzo yenyewe iliitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Rais ambaye serikali yake ilimfunga mtu kwa maneno yake ndiye ambaye jina lake lilipamba zawadi ya maneno yaliyoandikwa katika kifungo hicho hicho.

Aliyefika mbali zaidi

Ni huyo huyo Abdilatif. Baada ya kufunguliwa alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1979 akaenda London kutangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akahariri jarida la Africa Events. Tangu 1995 hadi 2011 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Popote alipokuwa aliendelea kutetea Kimvita, lahaja ya kwao, kama lugha inayotosha kuandikia lolote.

Sauti iliyobeba mashairi mengi zaidi

Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa 1942, alichukua tuni za filamu za Kihindi, akazivika maneno ya Kimvita, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir. Kanda zake ziliuzwa na kunakiliwa, zikapigwa kwenye harusi na kwenye vibanda vya kahawa. Alitangaza kuacha kuimba mwaka 2007 na kufariki 2014. Ukiwakuta Wamombasa wanaojua beti za Malenga wa Mvita kwa moyo, waulize kama waliwahi kukifungua kitabu. Wengi watakwambia walizipata kwa Bhalo.

Mgeni aliyekuwa mwenyeji kuliko wenyeji

Ahmed Sheikh Nabhany hakuzaliwa Mombasa. Alizaliwa 1927 Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi katika kisiwa cha Lamu, na ushairi aliupata kwa bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, naye malenga. Lakini Mombasa ndiko alikofanyia kazi kubwa, na huko ndiko wasomi wa Kiswahili kutoka kila pembe walikomfuata hadi alipofariki mwaka 2017.

Kama kungekuwa na taji la msamiati, lingekuwa lake. Katika Sambo ya Kiwandeo (1979) alieleza kwa beti jinsi chombo kinavyoundwa na vifaa vyake vyote. Katika Umbuji wa Mnazi (1985) akaugeukia mti ambao kila Mpwani anadhani anaujua, mpaka aulizwe tofauti ya kidaka, kitale, dafu na koroma. Alitaka maneno ya mafundi na wakulima yasife nao, akaona vina ndivyo vitakavyoyashika. Pengo lilipoonekana alitunga neno jipya: runinga ni lake.

Watunzi wengi zaidi wasiotajwa

Katika karne ya 20 wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya kina mama, na ushindani kati ya Ibinaal Watan na Banu Saada uliuchangamsha mji. Wimbo mpya ulikuwa silaha: unamwanika mpinzani bila kumtaja, na asubuhi mtaa mzima unajua ni nani. Margaret Strobel aliandika habari za vyama hivyo mwaka 1979. Majina ya vyama tunayo, ila nyimbo nyingi hazina jina la mtungaji. Kwa wingi wa beti, huenda hawa ndio washindi wa orodha nzima, lakini hatuwezi kumvika taji mtu asiye na jina.

Taji la mwisho

Basi nani mkubwa kuliko wote? Sisi tunamchagua Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Karibu nusu karne baada ya Muyaka kufa, Sikujua alizikusanya beti zake kutoka kwa waliozikumbuka, akaziandika kwa hati za Kiarabu, akamfafanulia mmisionari William Taylor maneno magumu na visa vilivyozizaa. Alifariki 1890 bila kuona hata ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Bila yeye Hichens asingekuwa na diwani ya kuhariri, na Muyaka leo angekuwa mmoja na wale kina mama wa lelemama: beti zake zikiimbwa, jina lake likiwa limepotea. Ahmad Nassir alikuwa na Chiraghdin na Bhalo. Nabhany alikuwa na bibi yake. Mombasa imewahi kuwa na malenga wengi hodari kama Muyaka, pengine. Tunaowajua ni wale tu waliobahatika kupata Sikujua wao.