Kuhama mafuta taa kwa malipo ya simu: piga hesabu kabla ya kutuma pesa

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, kabla hujafika Voi unapita Maungu. Hapo kuna kituo cha kusukuma mafuta cha Kenya Pipeline, na kingine kiko Manyani, ukishaipita Voi. Bomba lenyewe hulioni kwa sababu limefukiwa. Tangu 1978 petroli, dizeli na mafuta ya ndege yamekuwa yakipita chini ya ardhi ya Taita Taveta kwenda bara, na mwaka 2018 bomba jipya lililo pana zaidi lilianza kazi.

Mafuta yanapita hapa kwetu, lakini si yetu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na mafuta yaliyogunduliwa Turkana mwaka 2012 hayajawahi kufika kwenye pampu zetu. Kila tone la petroli, dizeli na mafuta taa unalonunua Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta limekuja kwa meli, likiwa limeshasafishwa huko ng'ambo na kulipiwa kwa dola.

Ndiyo maana kila tarehe 14 ya mwezi watu wanangoja tangazo la EPRA. Vita vikizuka mbali au shilingi ikishuka, bei inapanda hapa. Septemba 2023 lita moja ya mafuta taa ilipita Sh200 jijini Nairobi. Na usisahau kwamba mafuta taa, ambayo zamani yalikuwa nafuu ya mtu wa chini, yaliongezewa ushuru wa Sh18 kwa lita mwaka 2018 ili wachanganyaji waache kuyatia kwenye dizeli. Mwizi alikuwa mwingine, ila aliyelipa ni yule mwenye koroboi.

Sisi hatuuzi paneli wala mafuta. Kazi yetu ni kupitisha pesa zako salama. Lakini wateja wetu wengi wanalipia sola mdogo mdogo kwa simu, na simu nyingi tunazopigiwa kuhusu malipo hayo zinatokana na jambo ambalo mtu hakuelezwa siku aliyochukua kifaa. Kwa hivyo leo tulizungumzie lote, tangu mwanzo.

Pesa yako inafika vipi kwenye taa

Mpango huu ulianza kuenea Kenya mwaka 2012, miaka mitano baada ya pesa za simu kuingia. Wazo lake ni rahisi. Mtu hana elfu kumi na kitu za kununua sola kwa mpigo, lakini kila siku anatoa shilingi ishirini, thelathini au hamsini za mafuta taa na za kuchaji simu dukani. Basi apewe kifaa leo, halafu zile shilingi za kila siku zilipie kifaa badala ya mafuta. Wazo lilishika. Katika sensa ya 2019, karibu familia moja kati ya kila tano nchini zilisema sola ndiyo mwanga wao mkuu.

Ili muuzaji akubali kukupa mali kabla hujamaliza kulipa, kifaa kina kufuli ndani yake. Ziko aina mbili. Ya kwanza ina laini ya simu ndani: ukilipa, kompyuta ya kampuni inatuma ujumbe na kifaa kinajifungua. Ya pili haina laini: ukilipa unaletewa tokeni kwa SMS, tarakimu ambazo unabonyeza mwenyewe kwenye kifaa. Zote mbili zinakupa siku ulizolipia. Siku zikiisha, taa inazima hata kama betri imejaa.

Hapo ndipo penye maumivu. Saa mbili usiku mtoto anafanya homuweki, taa inakatika, na kwenye simu hamna hata shilingi arobaini. Koroboi ilishatupwa. Familia ya namna hiyo haijaacha kununua giza, imebadilisha tu duka.

Hesabu ya kupiga kabla hujasaini

Tuchukue mfano. Nambari hizi ni za kuonyesha njia tu, wewe weka zako. Tuseme muuzaji wa mboga sokoni Voi anatumia Sh30 kwa siku kununua mafuta taa, na anachaji simu mara tatu kwa wiki kwa Sh20. Sola anayotaka ina malipo ya kwanza ya Sh2,500, kisha Sh45 kwa siku kwa siku 400.

Sola: 45 mara 400 ni Sh18,000. Ongeza 2,500, jumla Sh20,500.

Njia ya zamani kwa siku hizo hizo 400: mafuta taa Sh12,000. Kuchaji simu kwa wiki 57, Sh3,420. Jumla Sh15,420.

Umeona? Katika kipindi cha kulipa, sola inamgharimu Sh5,080 zaidi. Tangazo la "shilingi 45 tu" halisemi hivyo. Lakini siku ya 401 hadaiwi tena, na kila mwezi anabaki na kama Sh1,140 ambazo zingeenda kwenye mafuta na kuchaji. Chini ya miezi mitano baadaye ile tofauti imerudi, na kuanzia hapo ni faida, mradi kifaa bado kinafanya kazi.

Kwa hivyo swali kubwa si "ni shilingi ngapi kwa siku?" Maswali ni mawili: nitamaliza kulipa lini, na kifaa kitadumu muda gani baada ya hapo? Betri ikifa mwezi mmoja baada ya kumaliza deni, umelipia mwanga wa bei ghali kuliko mafuta ya meli.

Uliza pia bei ya pesa taslimu. Kifaa hicho hicho kikiwa Sh13,000 ukinunua kwa mkupuo, basi ule mkopo unakugharimu Sh7,500. Huenda chama chenu kinaweza kukutoa kwa riba ndogo kuliko hiyo. Wanachama kumi wakinunuliana kwa zamu, hakuna kufuli wala tokeni.

Mambo ya kumuuliza wakala

Usione haya kuuliza. Wakala mzuri atajibu bila kukasirika.

- Jumla nitakayolipa hadi mwisho ni shilingi ngapi? Niandikie.
- Nikikosa kulipa wiki mbili, nini kinatokea? Siku zinasogea mbele tu, au kuna faini? Mtakuja kuchukua kifaa baada ya muda gani, na malipo ya kwanza yanarudishwa?
- Jina langu litapelekwa CRB?
- Dhamana ni ya miaka mingapi, na betri imo?
- Kikiharibika napeleka wapi? Kama jibu ni Nairobi, hesabu nauli na siku za giza.
- Nikiwa mahali mtandao ni wa kubahatisha, kama mabonde ya milima ya Taita au upande wa Kasigau, nitapokea tokeni vipi?

Na kama unafungiwa mfumo mkubwa juu ya bati, mwombe fundi aonyeshe leseni yake ya EPRA. Sheria inamtaka awe nayo.

Ukilipa, angalia hivi

Nambari ya akaunti unayoweka kwenye Paybill mara nyingi si jina lako wala nambari yako ya simu. Ni nambari ya kifaa. Ukikosea tarakimu moja, unaweza kuwa umemwashia jirani taa. Iandike kwa kalamu ya wino usiofutika nyuma ya kifaa na uihifadhi kwenye simu.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina la kampuni linalotokea. Wakala akikuambia utume pesa kwenye nambari yake binafsi "kwa sababu mfumo uko chini", subiri mfumo urudi. Pesa iliyokwenda kwa mtu haihesabiwi kwenye deni lako.

Usifute SMS za malipo. Ndizo risiti zako. Kila mwezi linganisha jumla yake na salio ambalo kampuni inasema unadaiwa, na ukiona tofauti piga simu siku hiyo hiyo. Ukimaliza, dai ujumbe au cheti kwamba kifaa ni chako na kimefunguliwa moja kwa moja.

Na kama mapato yako ni ya msimu, usilipe kama mtu wa mshahara. Mavuno yakitoka, lipa wiki nne au nane mbele. Mifumo mingi inakubali, na mwezi mkavu utakukuta una mwanga.

Si taa peke yake

Taveta, ambako migomba, nyanya na vitunguu vinategemea kumwagiliwa, mkulima mwenye pampu ya petroli analisikia tangazo la EPRA kuliko mtu yeyote. Pampu za sola sasa zinauzwa pia kwa malipo ya awamu. Hesabu ni ile ile, ila andika petroli ya msimu mzima, oili na fundi, halafu omba malipo yafuate mavuno badala ya kila siku. Na kumbuka: pampu kubwa kuliko maji yaliyopo ni deni lisilo na faida.

Kwa vijana wa boda, pikipiki za umeme zimeingia nchini, na nyingi zinalipiwa kwa siku kwa simu vilevile. Umeme wetu mwingi, zaidi ya asilimia 80, unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Ziwa Turkana na jua, kwa hivyo ukiendesha umeme umepunguza kweli mafuta ya nje. Ila uliza kwanza: kituo cha kubadilishia betri kilicho karibu kiko wapi? Kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi ukiwa na abiria na gunia si sawa na kuzunguka mjini Voi. Jaribu njia yako mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Jikoni nako kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mtungi wa gesi unakuokoa na moshi na unaiachia miti ya kwetu nafasi ya kupumua, na hilo ni jema. Lakini gesi hiyo nayo inashuka bandarini Mombasa. Ukitoka kwenye makaa kwenda gesi umepata hewa safi, ila bei bado iko mikononi mwa wengine. Wenye stima nyumbani wanaweza kulinganisha na sufuria ya presha ya umeme, hasa kwa maharagwe na pure ambavyo hukaa motoni muda mrefu. Nunua tokeni za Sh100, pika nazo tu, uone zinakufikisha wapi.

Anza na karatasi, si na deni

Hatuwezi kubadilisha bei ya pipa la mafuta huko ng'ambo, na wewe huwezi. Unachoweza ni kuamua shilingi zako za kila siku ziende kwenye kitu kinachoungua kikaisha, au kwenye kitu ambacho siku moja kitakuwa chako. Uamuzi huo unataka ukweli wa hesabu kuliko haraka.

Kwa hivyo usimpigie wakala leo. Chukua daftari, na kwa siku saba andika kila shilingi ya mafuta taa, mishumaa, betri za tochi na kuchaji simu. Gawanya jumla kwa saba. Kiasi utakachopata ndicho unachokitoa kila siku tayari bila kukopa. Kama malipo ya sola kwa siku yako karibu na hapo, kaa chini na wakala mzungumze. Kama yako mbali juu yake, tafuta kifaa kidogo zaidi. Taa mbili zilizolipiwa zikaisha ni bora kuliko televisheni iliyofungwa.