Gari la kulala kwenye theluji: Injini husifiwa, watoto hulala nyuma

Majira ya baridi ya mwaka 1934, katika kijiji cha Valcourt, jimbo la Quebec nchini Canada, mtoto wa miaka miwili aitwaye Yvon alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Maambukizi yakasambaa tumboni. Alihitaji upasuaji, na hospitali ilikuwa Sherbrooke, umbali wa kama kilomita 50.

Barabara ilikuwa imefunikwa na theluji. Miaka hiyo barabara za vijijini Quebec hazikusafishwa wakati wa baridi. Wenye magari waliyaegesha hadi theluji iyeyuke, wakarudi kwenye farasi na sleji. Baba yake Yvon, Joseph-Armand Bombardier, alikuwa fundi magari mwenye gereji yake mwenyewe, na kwenye gereji hiyo alikuwa akiunda gari la kupita juu ya theluji. Halikuwa tayari. Yvon alifariki.

Mzazi aliyewahi kumbeba mtoto mwenye homa akafika mtoni na kukuta daraja limesombwa, haelezwi zaidi.

Leo magari ya namna ile yana wapenzi wengi. Alaska, British Columbia, Colorado na kwingineko kwenye baridi kali, familia zinajiundia nyumbani magari yenye mikanda badala ya magurudumu, zinafunga nyuma yake kijumba cha kulala, na kwenda nao watoto milimani siku kadhaa, mahali pasipo barabara wala jirani. Ni starehe ya gharama, lakini pia ni kazi ya mikono inayochukua miezi au miaka, na baba au mama anayeifanya huiongelea kama anavyoongelewa mtoto wa nyumbani.

Shida ni kwamba mazungumzo huishia kwenye injini, gia na mikanda, ilhali kinachoamua kama familia itaamka salama ni kile kijumba cha nyuma.

Fundi aliyefiwa

Bombardier hakuanza kazi hiyo baada ya msiba. Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alipewa na baba yake injini kuukuu ya Ford ili imtulize. Kijana akaifunga kwenye sleji, akaweka pangaboi la mbao nyuma, akapita nalo mitaani pamoja na mdogo wake. Baba akaamuru kitu kile kivunjwe mara moja. Ukifikiria pangaboi linazunguka wazi bila kinga huku watoto wa kijiji wakikimbia nyuma yake, huwezi kumlaumu mzee.

Baada ya kifo cha Yvon kazi iliendelea. Jibu alilolipata lilikuwa gurudumu lenye meno, lililofunikwa mpira, likivuta mkanda wa mpira unaozunguka kama mnyororo wa katapila. Mbele aliweka vibao vya kuteleza vya kupinda kona. Hati ya ugunduzi huo aliipata mwaka 1937. Likaja gari la watu saba, kisha mwaka 1942 lile la watu 12 lililoitwa B12, lenye bodi ya mbao na madirisha ya duara kama ya meli.

Magari hayo yalibeba wagonjwa, madaktari, barua na watoto wa shule. Mwaka 1948 serikali ya Quebec ilipoanza kulazimisha barabara kuu zisafishwe theluji, biashara ikapungua, na mwaka 1959 Bombardier akatoa Ski-Doo, pikipiki ya theluji inayojulikana hadi leo. Alifariki mwaka 1964. Jina lake liliendelea kwenye treni na ndege, lakini kwa wanaojenga magari ya kulala, B12 kuukuu iliyotelekezwa ghalani bado ni lulu.

Kwa nini halizami

Ukitaka kuelewa gari hili, chukua kalamu. Mtu wa kilo 70 anapoinua mguu mmoja ili apige hatua, uzito wote unakaa kwenye unyayo wa kama sentimita 200 za mraba. Ni gramu 350 kwa kila sentimita. Kwenye theluji laini atazama hadi magotini au kiunoni.

Sasa chukua gari la kilo 2,000 lenye mikanda miwili, kila mmoja wenye upana wa sentimita 45, na urefu unaogusa chini wa mita mbili na nusu. Uzito huo unagawanyika kwenye sentimita za mraba 22,500. Kila sentimita inabeba gramu 90 tu hivi. Tani mbili za chuma zinaikanyaga theluji kwa wepesi kuliko baba mwenye gari. Gari la kawaida la magurudumu manne hukanyaga kwa zaidi ya kilo mbili kwa sentimita, ndiyo maana hukwama.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomwadhibu mjenzi. Kila kitanda, kila tangi la maji, kila kabati la kupendezesha linaongeza gramu. Wengi hununua gari kuukuu lililokuwa likisawazisha theluji kwenye viwanja vya kuteleza, hung'oa sehemu ya nyuma na kujenga kijumba cha mbao nyepesi na bati la alumini, ukuta ukijazwa sponji ngumu ya kuzuia baridi. Wengine huchukua gari la kawaida na kubadilisha kila gurudumu kwa mkanda wa pembetatu. Njia hii ya pili ni rahisi kwa fundi wa uani, ingawa huchosha ekseli na usukani ambavyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Halafu kuna maji yasiyoonekana. Watu wanne wakilala usiku mmoja, pumzi na jasho lao hutoa kama lita moja ya maji hewani. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Maji hayo huganda kwenye kila msumari na kona ya dirisha, asubuhi yakayeyuka juu ya godoro la mtoto. Ili kuepuka hilo, mjenzi huziba kila upenyo au, mwenye akili, hutoboa matundu ya hewa.

Hapo kwenye kuziba ndipo hatari kubwa inapoingia.

Hewa isiyo na harufu

Moto wowote usiopata hewa ya kutosha, uwe wa mkaa, kuni, gesi, petroli au dizeli, hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikiingia kwenye mapafu hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini mzigo wake umebadilishwa. Ubongo na moyo vinakosa hewa huku mtu akipumua vizuri kabisa.

Mwaka huo huo wa 1934 aliofariki Yvon, mpelelezi Mmarekani Richard Byrd alikuwa peke yake kwenye kibanda kilichofukiwa na theluji huko Antaktika, karibu kilomita 200 kutoka kwa wenzake. Jiko lake na jenereta ya redio vilivuja kaboni monoksaidi. Aliugua miezi kadhaa, akizima jiko na kuganda, akiliwasha na kulewa sumu. Wenzake walishtuka kwa sababu ujumbe wake wa redio ulianza kuwa wa ajabu. Watu watatu walimfikia kwa trekta mwezi Agosti, wakamkuta amedhoofika sana. Huyo alikuwa mtu mzima, mwanajeshi mzoefu, aliyejua anachopambana nacho.

Kwenye gari la kulala njia za kuvuja ni zile zile. Theluji inayopeperushwa na upepo huziba bomba la moshi la hita usiku. Mtu huacha injini ikiunguruma ili ndani kuwe na joto, na moshi hurudi kupitia sakafu aliyoitoboa mwenyewe kupitisha nyaya. Jiko la gesi la kupikia hugeuzwa hita. Jenereta ndogo huwekwa chini ya mlango ili isilowe. Hita inayofaa ni ile inayovuta hewa ya moto kutoka nje na kutoa moshi nje, bila moto wake kugusana na hewa ya chumbani. Hata hiyo, bomba lake likae juu kuliko theluji inavyoweza kufika, na likaguliwe kabla ya kulala.

Watoto hupumua haraka kuliko wakubwa, hivyo sumu huwaingia mapema. Mtoto aliye tumboni yuko hatarini zaidi kuliko mama yake. Dalili za mwanzo ni za kawaida mno: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, mtoto kulialia bila sababu. Milimani mzazi atasema ni urefu wa mlima, au gari limemtikisa, au ni mafua. Dokezo kubwa ni watu kuugua kwa pamoja, pengine hata mbwa, na kupata nafuu wakitoka nje. Homa huwa hakuna.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho familia nyingi zilinunua wakati wa Uviko-19, hapa hudanganya. Hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu hii. Kinaweza kuonyesha 98 kwa mtoto anayekaribia kuzimia.

La kufanya ni kutoa kila mtu nje kwanza, hata kama ni baridi kali, ukiwafunika, kisha kuzima moto na kuomba msaada. Katika hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi tano sumu iliyo kwenye damu kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni safi ya hospitali ni kama saa moja na nusu. Ndiyo maana mtoto aliyepata nafuu bado anapaswa kuonwa na daktari.

Msomaji wa Makete, Njombe, Lushoto au Limuru atakuwa ameshalitambua jambo hili. Ni lile lile la jiko la mkaa linaloingizwa chumbani Juni na Julai, mlango ukafungwa na nguo zikazibwa dirishani. Kosa la kawaida ni kungoja moshi uishe, mkaa uwe mwekundu, ndipo jiko liingizwe, kwa imani kwamba limeshakuwa salama. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoua usiku. Moshi angalau humwamsha mtu kwa kikohozi.

Mwendo wa saa moja

Yaliyobaki ni ya hesabu za njiani. Gari la mikanda likienda kilomita 20 kwa saa, safari ya saa mbili inaiweka familia kilomita 40 kutoka barabarani. Mkanda ukikatika hapo, mtoto wa miaka mitano hawezi kurudi kwa miguu kwenye theluji ya kiunoni. Wanaosafiri kwa busara huenda magari mawili, hubeba simu ya setilaiti na chakula cha siku za ziada. Huegesha kwenye tambarare, mbali na chini ya miteremko, kwa kuwa maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na mtu aliyefukiwa akipita robo saa bila kufukuliwa nafasi yake ya kuishi hushuka haraka.

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mkubwa, na akibebwa hana kinachompasha, kwa kuwa anayetembea ni mwingine. Vidole vikifa ganzi na kugeuka vyeupe visisuguliwe wala kuwekwa karibu na moto. Vilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu wa mwili, na kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, ni bora kungoja hadi mahali pa joto.

Kengele ya kugundua kaboni monoksaidi haizidi ukubwa wa kiganja na hutumia betri. Ndani ya gari hufungwa usawa wa vichwa vya waliolala, na betri zake hukaguliwa kabla ya kila safari kwa sababu baridi huzinyonya.

Wajenzi wazoefu huongeza kitu kimoja ambacho hakionekani kwenye picha za kujivunia: kifuniko juu ya paa, kipana cha kupitisha mtu mzima mwenye koti. Upepo wa usiku mmoja unaweza kufukia mlango wa pembeni hadi usifunguke. Komeo lake huwa kubwa na la kuvuta upande mmoja tu, ili mtoto wa miaka sita aweze kulifungua gizani akiwa amevaa glavu. Na hufundishwa kulifungua kabla gari halijatoka uani.